Upepo na Macho ya Rubani

Wakazi wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, hawana haja ya kufundishwa kwamba chombo huchukuliwa na kile kinachokibeba. Anayevuka kutoka Chokocho wakati mkondo una nguvu haelekezi mtumbwi pale anapotaka kufika, bali juu yake. Ndege nayo huchukuliwa na upepo vivyo hivyo. Lakini rubani anayegeuka karibu na ardhi anakabiliwa na hatari asiyokuwa nayo mvuvi: macho yake yaweza kumwangamiza.

Tuchukue mfano. Ndege ndogo inayokwenda hewani kilomita 150 kwa saa, ikikabili upepo wa kusi wa kilomita 40, hupita juu ya ardhi kwa kilomita 110 tu. Ikigeuka na kuupa upepo mgongo, hupita kwa kilomita 190, ilhali mwendo wake hewani ni ule ule. Katika kimo kikubwa tofauti hiyo haimshughulishi mtu. Chini, juu ya mikoko na mapaa ya nyumba, rubani hudhani anakimbia kupita kiasi. Akipunguza nguvu ya injini au kuinua pua, mwendo wa hewani hushuka hadi mbawa zishindwe kuibeba ndege, na kimo cha kujiokoa hakipo.

Udanganyifu wa pili haupungui ubaya. Anapogeuka kuufuata upepo, huona kana kwamba ndege yateleza kuelekea ndani ya mzunguko. Akijaribu kuisahihisha kwa usukani wa mkia, huipotosha ndege iliyokuwa ikigeuka sawasawa.

Dawa yajulikana: kuamini kipima mwendo kuliko macho, kugeuka taratibu, na kutoshuka chini pasipo sababu. Kisiwa Panza hakina uwanja wa ndege. Kwa hiyo anayekizunguka kwa kimo kidogo ili abiria wapige picha hana hoja ya kujitetea. Abiria anayemsihi rubani afanye hivyo naye ana lawama.

Mgonjwa anayekimbizwa Unguja na mwalimu anayekwenda likizo hawawezi kukagua kazi ya rubani. Wameweka roho zao mikononi mwake. Hivyo ni wajibu wa wenye makampuni kumlinda rubani anayesema "hapana", na ni wajibu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga kutomvumilia anayesema "ndiyo" ovyo.