Kabla ya Kubadili Tangi la Pikipiki, Tuhesabu Kwanza



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kofia ya kazi, vumbi la mgodi na maji ya kunywa. Mara hii tuongee juu ya pikipiki. Ajali ya njiani inamwondoa mtu kazini sawasawa na ajali ya shimoni, na watoto wake wanalala njaa vilevile.

Kati yetu imeingia desturi ya kutoa tangi la esanse la pikipiki na kuweka lingine kubwa, lililotoka kwenye pikipiki ya aina nyingine. Sababu inajulikana. Toka Kasongo mpaka Kabambare ni zaidi ya kilomita 100 za udongo, mchanga na madaraja ya miti. Njiani esanse inauzwa mara nyingi kwa chupa, na bei yake inategemea muuzaji ameamkaje. Mtu anasema: «Nikipata tangi la lita 20, nitajaza mara moja, taabu imekwisha.» Maneno hayo si ya ujinga. Hata mimi niliyasema.

Niliyasema, na nikayatenda. Fundi mmoja aliniletea tangi la pikipiki kubwa ya zamani. Lilikuwa zuri, jekundu. Halikukaa vema juu ya chuma, basi tukatia vipande vya mpira wa gurudumu chini yake, tukalifunga kwa waya. Nilizunguka nalo uwanjani, nikaona liko sawa. Lakini uwanjani sikukata kona kali.

Siku ya tatu nilimbeba mke wangu, tukienda kwenye kilio. Tulipofika kwenye daraja la miti, nilikata usukani kwa nguvu ili nifuate gogo lililokuwa zima. Usukani ukagonga tangi, ukakataa kwenda. Tukaanguka wote wawili. Kifuniko cha tangi hakikuwa chake, kikamwaga esanse juu ya injini yenye moto. Kwa bahati haikuwaka. Lakini mguu wa mke wangu ulilalia bomba la moshi, na kovu liko mpaka leo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufunga vidonda vya watu, siku ile nilifunga kidonda nilichokileta mwenyewe.

Tangu siku ile nimejifunza kuhesabu kabla ya kununua. Tuhesabu pamoja.

Pikipiki ndogo ya kazi, ikiwa nzima, hunywa karibu lita 3 kwa kilomita 100 katika barabara mbaya. Tangi lake la kiwandani hubeba kama lita 10 mpaka 12. Tuseme safari ya kwenda Kabambare na kurudi, pamoja na mizunguko yote, ni kilomita 300. Hizo ni lita 9. Basi tangi lile lile linatosha! Shida yetu wengi si udogo wa tangi. Shida ni kwamba hatulijazi. Tunatia chupa moja leo, chupa mbili kesho. Na pikipiki inayokunywa lita 5 ni mgonjwa: kisafishio cha hewa kimejaa vumbi, kabureta ni chafu, mnyororo umekaza. Kumpa mgonjwa huyo tangi kubwa ni kama kumpa mwenye kuhara sahani kubwa zaidi. Tutibu ugonjwa kwanza.

Wengine watanijibu: «Mbona pikipiki za mashindano ya jangwani zina matangi makubwa?» Ni kweli. Mashindano ya kwanza ya Paris-Dakar yalianza Desemba 1978, na Mfaransa Cyril Neveu alishinda kwa upande wa pikipiki juu ya Yamaha XT500. Miaka michache baadaye, mwaka 1983, Yamaha walitoa Ténéré yenye tangi la karibu lita 30. Lakini pale chuma, usukani, springi na tangi vilipimwa pamoja kiwandani. Sisi tunachukua tumbo la ng'ombe na kulifunga kwenye mgongo wa mbuzi. Lita 20 za esanse zina uzito wa karibu kilo 15, nazo zinacheza-cheza juu, karibu na kifua chako. Ongeza mke, mtoto na gunia la mihogo.

Hata hivyo sisemi tangi kubwa likatazwe. Mtu anayekatazwa tangi atafunga bidoni la plastiki katikati ya magoti, na hilo ni baya kuliko tangi. Nasema hivi: tangi lisilopita majaribio haya lisitoke uwanjani.

1. Usukani uende mpaka mwisho wake, kushoto na kuume, bila kugusa tangi, na vidole vyako visibanwe. Jaribu ukiwa umekaa juu yake.

2. Tangi lishikwe na vyuma na bulo, si waya. Shika kwa mikono miwili, tikisa. Likicheza, rudi kwa fundi.

3. Robine iwe juu kuliko kabureta, maana esanse hushuka kwa uzito wake. Mpira wake uwe mpya, ufungwe kwa kibano, upite mbali na injini na bomba la moshi.

4. Kifuniko kiwe cha tangi lenyewe. Kisivuje, lakini kitundu chake cha hewa kisizibe. Kikiziba, injini itakufa njiani, nawe utasema ni uchawi.

5. Jaza tangi, iache pikipiki usiku mzima nje ya nyumba, mbali na moto. Asubuhi tazama chini. Tone moja ni kosa.

Sasa jambo kubwa kuliko yote. Tangi lililowahi kubeba esanse lisichomelewe kamwe na fundi wa kando ya barabara, hata kama ni kavu. Tangi linaloonekana tupu lina mvuke ndani, na mvuke huo ukichanganyika na hewa hupasuka kama baruti. Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi. Likiwa na tundu, nunua lingine. Uhai wa fundi haununuliwi sokoni.

Na ninyi mama wa nyumbani, mna sehemu yenu. Tangi kubwa huleta esanse nyingi nyumbani, na watu wataitoa kwa kunyonya mpira kwa kinywa. Wakatazeni. Esanse ikiingia katika mapafu inaweza kuua. Aliyeimeza msimtapishe, maana akitapika itaingia mapafuni. Mleteni kwa muganga upesi. Msiitie katika chupa ya maji au ya limonadi, mtoto hajui kusoma harufu. Isikae karibu na jiko wala taa. Mtu akiungua, mtieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake mafuta ya mawese, wala dawa ya meno, wala udongo. Kisha mfunikeni kwa kitambaa safi na kumleta.

Mwisho, nina ombi kwa wakubwa wetu wa kazi. Gareji yetu ina mafundi wanaojua kupima. Wapewe saa mbili siku ya Jumamosi, mara moja kwa mwezi, watazame pikipiki za wafanyakazi bila malipo na bila kumpa mtu adhabu. Saa mbili za fundi ni bei ndogo kuliko mwezi mmoja wa mtu aliyelala hospitali.

Mimi nimerudisha tangi langu la zamani. Kabla ya safari nalijaza mpaka juu. Tangu hapo sijalala njiani, na mke wangu amekubali tena kupanda nyuma yangu. Lakini kwenye daraja la miti anashuka kwanza, anavuka kwa miguu. Simlaumu.