Guta linavuja difu, nani alipe?

Pembezoni mwa soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, maguta, zile pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, yanapopanga foleni kusubiri mzigo wa viazi au ndizi, ardhi imejaa mabaka meusi ya oili. Hakuna anayeyashangaa. Dereva akiulizwa atasema ni jasho tu, difu zote hutoka jasho. Kwa jiji lililokaa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kuzungukwa na miteremko kila upande, jasho hilo linachukuliwa kirahisi mno.

Pikipiki ya bodaboda huzungusha gurudumu kwa mnyororo, na mnyororo ukilegea hata abiria anausikia. Guta ni habari nyingine. Nguvu ya injini inasafiri kwa propela chini ya bodi mpaka kwenye difu, na humo pinioni inasukuma krauni, meno kwa meno, ndani ya oili nzito. Mfumo huu hauhitaji kukazwa wala kupakwa grisi kila wiki. Ndiyo sababu unasahauliwa mpaka siku unapolia.

Usahaulifu huo haukuanzia Mbeya. Wazungu wanaopita hapa na pikipiki kubwa wakielekea Cape Town, wengi wao hupanda BMW za propela, mfumo ambao kampuni hiyo imekuwa nao tangu R32 ya mwaka 1923. Pamoja na uzoefu wote huo, R1200GS ilipotoka mwaka 2004 kiwanda kilisema oili ya difu yake ni ya maisha, haibadilishwi, na difu yenyewe haikuwekewa nati ya kumwagia oili upande wa chini. Miaka michache baadaye nati ikawekwa, na ratiba ya kubadilisha oili ikaandikwa. Ikiwa Wajerumani walilazimika kubadili msimamo, mwenye guta la Ilomba hana sababu ya kuamini kwamba difu yake itajitunza yenyewe.

Kuvuja kuna sababu zake, na mara nyingi sili, ile pete inayozuia oili isitoke kando ya shafti, inasingiziwa. Juu ya difu kuna kitundu cha kupumulia. Guta likipanda na mzigo, oili inapata joto, hewa ya ndani inatanuka na kutokea hapo. Masika ya Mbeya, yanayoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, hukipiga kitundu hicho tope mpaka kikaziba. Hewa ikikosa njia inasukuma oili kupitia mdomo wa sili, hata kama sili ilinunuliwa jana. Oili iliyojazwa kupita kiasi huleta matokeo yaleyale; kipimo sahihi ni guta kusimama mahali tambarare na oili kufika ukingoni mwa tundu la kujazia, basi.

Fundi makini akichomoa sili hakimbilii dukani. Kwanza anapitisha ukucha kwenye shafti, pale mdomo wa sili unapogusa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji mdogo, sili mpya itavuja kama ile ya zamani. Kisha anashika shafti na kuitikisa: ikicheza, beringi imekwisha, na hakuna sili inayoweza kuufuata mhimili unaoyumba. Sili mpya anaipaka oili mdomoni, anaielekeza upande wenye springi ndogo ndani kwenye oili, na kuigonga taratibu kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo ili iingie sawasawa. Fundi wa njia ya mkato yeye hupaka silikoni kwa nje, juu ya chuma chenye mafuta. Silikoni hiyo haimalizi hata safari ya Uyole.

Wapo pia wanaomimina oili chafu ya injini kwenye difu kwa hoja kwamba oili ni oili. Sivyo. Oili ya difu, ile ya 80W-90 yenye alama ya GL-5, imewekewa viungo vya salfa na fosforasi vinavyokinga meno yanayosuguana kwa mgandamizo mkubwa. Ndiyo maana inanuka kiberiti.

Harufu hiyo ndiyo inayopaswa kuwatisha watu pale drami ya gurudumu la nyuma inapofunguliwa. Sili ya pinioni ikivuja, oili inadondoka barabarani. Sili ya ekseli ikivuja, oili inaingia kwenye drami na kulowesha lainingi za breki. Fundi atazifuta kwa petroli, atazisugua kwa msasa, na kwenye tambarare ya Kabwe guta litasimama vizuri tu. Lakini lainingi imeshainywa oili. Mzigo ukiwa mzito na mteremko ukiwa mrefu, joto linaichemsha oili ile na kuirudisha juu, na breki inateleza wakati dereva anaihitaji kuliko wakati wote. Mwaka 2018 mteremko wa Igawilo uliua watu wengi katika ajali ya lori lililoshindwa kusimama. Guta ni dogo, lakini likiwa na mifuko ya saruji nyuma na breki zimelowa, anayelipisha kando ya barabara hataliona dogo.

Basi nani alipe? Kwa sasa dereva anampelekea mwenye guta hesabu kila jioni, na siku ya gereji haisamehewi. Kufungua difu, kubadilisha sili na lainingi ni kazi ya nusu siku na zaidi, kwa hiyo dereva anachagua kuongeza oili juu juu na kurudi foleni. Kumlaumu yeye ni rahisi, ila si haki. Difu ni mali ya mwenye guta, na ikisagika ni yeye atakayenunua krauni na pinioni. Mkataba unapaswa kusema wazi kwamba oili ya difu, sili na lainingi ni juu ya mwenye chombo, na siku ya matengenezo haina hesabu.

Askari wa usalama barabarani nao wana nafasi yao. Ukaguzi wa stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama ungeweza kuongeza jambo moja: kuinama na kutazama upande wa ndani wa magurudumu ya nyuma. Vumbi kavu, guta lipite. Tope jeusi lenye harufu ya kiberiti, stika isubiri mpaka drami ifunguliwe na mwenye guta aitwe, si dereva peke yake.