Mnapigia Roboti Makofi, Endoskopi Iko Wapi?

Wasee, kila video ya roboti ikifanya upasuaji ikipanda, komenti ni zilezile: "Tunataka hii Kenya!" Mimi naona tunashangilia mwisho wa foleni na mwanzo hatujauona.

Kwanza, hiyo roboti haipasui mtu yenyewe. Daktari amekaa kando kwenye mtambo, anasogeza mikono, na vyuma vidogo vinamfuata kupitia matundu madogo mwilini. Na si kelele tupu. Kule Utrecht, Uholanzi, walilinganisha upasuaji wa kansa ya umio, lile bomba la chakula. Matokeo ya 2019: waliopasuliwa kwa roboti, 59% walipata matatizo baadaye, waliofunguliwa kifua kwa njia ya kawaida, 80%. Kubwa hiyo. Lakini muda wa kuishi? Karibu sawa tu.

Tena wagonjwa hao wote walikuwa na kansa ambayo bado inakatika. Hapo ndipo sisi tunakwama.

Kule Bomet kansa hii si habari ngeni. Hospitali ya Tenwek imetibu hadi watu wa chini ya miaka 30. Umri wetu, manze! Wengi hufika chakula kimeshagoma: kwanza ugali, halafu uji, mwishowe hata maji. Hapo mara nyingi daktari anaweka tu kijibomba cha waya ili mtu ameze. Hakuna roboti inayoweza kumrudishia ile miezi alikuwa anapewa tembe za asidi.

Dawa ya hiyo miezi ni endoskopi: mrija mwembamba wenye kamera, unapitia mdomoni, daktari anaona umio na tumbo, anachukua kinyama cha kupima. Haitrendi. Lakini bila hiyo, roboti itampasua nani?

Na msiniambie napinga teknolojia. Kuanzia 2015 serikali ilikodishia kaunti mashine za hospitali. Seneti ilipochunguza, zingine zilikuwa zimekaa tu, hakuna wataalamu, hakuna stima. Picha za uzinduzi zilikuwa safi, lakini.

Kwa hivyo mheshimiwa akija kukata utepe, muulize: endoskopi ziko ngapi kaunti hii? Nani anazitumia? Foleni ni wiki ngapi?

Na wewe, chakula kikianza kukwama kila mara, usimeze tembe ukanyamaza. Itisha endoskopi, kwa jina.