KIBALI CHA DAWA KIFIKE MVUMI

Kijana wa Mvumi mwenye pumu akikimbia katika vumbi la Ugogo, kifua kikambana, daktari afanye nini? Ampe dawa. Nani atasema aachwe afe ili mbio zibaki safi?

Hata sheria ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, haisemi hivyo. Pampu ya salbutamol haihitaji kibali, mradi mgonjwa asizidishe mikrogramu 1,600 kwa saa 24. Vidonge vya prednisolone vimekatazwa wakati wa mashindano, na insulini imekatazwa wakati wote. Lakini mgonjwa wa kweli hupewa kibali. Athibitishe kwa vyeti kwamba anaumwa, kwamba hakuna dawa halali ya kumfaa, na kwamba dawa itamrudishia afya yake tu. Akitibiwa kwa dharura, aweza kuomba baadaye.

Basi ugomvi wetu si na sheria. Ugomvi wetu ni na ukimya. Bradley Wiggins wa Uingereza alichomwa sindano ya triamcinolone kabla ya kushinda Tour de France mwaka 2012, na kibali alikuwa nacho. Kwa jirani zetu Kenya, wakimbiaji 10 walikutwa na dawa hiyo hiyo katika miaka ya 2021 na 2022. Walaghai hatuwatetei, waadhibiwe. Lakini mgonjwa asiyejua kwamba kibali kipo, atatofautishwaje na mlaghai? Mbele ya maabara mkojo wao ni sawa.

Wako wasemao: mgonjwa akae nyumbani, michezo ni ya wazima. Twawauliza: mwenye kisukari akilima, mwamwambia aache jembe?

Twataka mambo matatu. Kwanza, fomu na masharti yake vielezwe kwa Kiswahili. Pili, kila mwalimu wa michezo na kila zahanati wapate orodha ya dawa zilizokatazwa, ambayo hutolewa upya kila mwaka. Tatu, maombi yapelekwe mapema, siku 30 kabla ya mashindano. Na wewe mwanariadha, mwambie daktari kwamba unashindana kabla hujameza kidonge wala kuchomwa sindano.

Haki iliyofungiwa kabatini mjini si haki. Mgonjwa wa Mvumi naye ana miguu ya kukimbia. Apewe dawa yake, apewe na karatasi yake!