Kazi ni kujuana, lakini kujuana gani?

Hapa Lubumbashi watu husema kazi ni kujuana. Ndiyo maana wahami wa vita kutoka Mitwaba na Pweto wanateseka: fundi wa kushona amekuja na ujuzi wake, ila wateja waliomwamini wamebaki nyuma.

Kujuana kwa kweli si kumsalimia mkubwa siku ya shida. Ni kama likelemba: anayepokea zamu yake na kuendelea kuchanga, huaminiwa, anayepokea na kupotea, jina lake huzunguka Katuba yote.

Basi mhami atimize ahadi ndogo: nguo ya Jumamosi itoke Jumamosi. Na mwenyeji aliyeiona kazi hiyo asinyamaze. Ampeleke kwa mteja mmoja, aseme: "Huyu, kazi yake naijua." Neno hilo linadumu kuliko mfuko wa unga.