Watahiniwa waifanye karatasi nzima

Kila ufikapo muhula wa pili, wazazi wenye watoto katika kidato cha nne huombwa fedha za kununulia karatasi za mitihani ya majaribio. Nao hutoa, hata zikiwa ni fedha za unga. Sina kinyongo na karatasi hizo. Ninalolalamikia ni jinsi zinavyotumiwa.

Kijana mmoja wa jirani yangu alikuwa na rundo kubwa la karatasi za somo la Biashara. Kila jioni alichagua maswali mawili, kitabu kikiwa wazi mbele yake, kisha akanakili majibu kutoka katika mwongozo wa kusahihisha. Nilipomwuliza kuhusu mfumuko wa bei alinijibu bila kigugumizi. Lakini siku ya KCSE, katika karatasi ya pili, alijibu maswali matatu tu kati ya matano yaliyotakiwa. Muda ulimwishia. Kila swali lina alama 20. Basi hata angalipata alama zote, asingalivuka 60 kwa 100.

Yafaa tuizingatie hesabu yenyewe. Karatasi ya kwanza ina maswali 25 ya kujibiwa kwa muda wa saa mbili, yaani chini ya dakika tano kwa kila swali. Karatasi ya pili humpa mtahiniwa saa mbili na nusu kwa maswali matano, yaani dakika 30 kwa kila moja. Kasi ya namna hiyo haiji kwa kusoma vitabu pekee.

Isitoshe, sehemu ya somo hilo inayohusu uchumi wa taifa haikubali kusomwa vipande vipande. Mnamo Februari 2024, Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13. Mwanafunzi aliyekariri sura ya benki atasema kwamba hatua kama hiyo hufanya mikopo kuwa ghali. Je, akiulizwa athari zake kwa bei za bidhaa, kwa ajira na kwa biashara ya nje? Hizo ni sura mbalimbali kitabuni, na katika karatasi nzima huja zikiwa zimechanganyika, bila kichwa cha sura cha kumdokezea jibu.

Mwaka uliofuata, dadake kijana yule alinijia. Tukakubaliana kwamba kila Jumamosi angefanya karatasi moja nzima, saa ikiwa mezani na vitabu kabatini. Mara ya kwanza muda ulimwishia akiwa katika swali la 17, akalia. Sikumwongezea hata dakika moja. Tulipokuwa tukisahihisha, tuliyagawa makosa yake mafungu matatu: asiyoyajua, aliyoyajua lakini akayaharakisha, na yale ambayo hakuyafikia kabisa. Katika kukokotoa pato la taifa, kwa mfano, alikuwa amejumlisha malipo ya uzeeni katika matumizi ya serikali. Hakuwa ameelewa kwamba fedha hizo huhamishwa tu kutoka mkono mmoja hadi mwingine, wala hazilipii kazi mpya. Tulirudi kitabuni kwa ajili ya hilo peke yake. Kufikia Oktoba alikuwa akimaliza karatasi na kubakiwa na dakika kumi za kupitia majibu yake.

Watakuwapo watakaosema kwamba walimu hawana nafasi ya kusimamia na kusahihisha kazi yote hiyo. Kwa maoni yangu, karatasi nne zilizofanywa kikamilifu na kusahihishwa kwa makini zina faida kuliko arobaini zilizopekuliwa. Basi shule zipunguze karatasi zinazonunua, na wazazi wawatengee watoto wao saa mbili za utulivu nyumbani. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Heri machozi ya Jumamosi kuliko yale ya siku ya matokeo.