Damu ya Debre Libanos Haijanyamaza

Wako wasemao kwamba monasteri ni mahali pa kuukimbia ulimwengu, na kwamba uhuru wa taifa hauwahusu watawa. Twawaalika waitazame Debre Libanos, monasteri ya Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, iliyoanzishwa na Mtakatifu Tekle Haymanot katika karne ya 13.

Tarehe 19 Februari 1937, vijana wawili walimtupia mabomu Rodolfo Graziani, mtawala wa Kiitalia mjini Addis Ababa. Alijeruhiwa, asife. Kisasi chake hakikuishia kwa waliotenda. Baada ya maelfu ya wakazi wa mji kuuawa, aliigeukia Debre Libanos, akidai kwamba wamonaki walishirikiana na vijana hao. Hapakuwa na kesi wala utetezi. Alimwamuru Jenerali Pietro Maletti awaue wamonaki wote bila kubagua. Mwezi Mei, mahujaji walipokuwa wamekusanyika kwa sikukuu ya mtakatifu wao, watu walipakiwa katika malori, wakapelekwa Laga Wolde, na tarehe 21 wakapigwa risasi. Siku chache baadaye wakafuata mashemasi. Hesabu ya watawala wenyewe ilikuwa watu 449. Wanahistoria waliochunguza mahali penyewe wanakadiria kati ya 1,400 na 2,000.

Twauliza: mtu mwenye mizinga na ndege za vita aliogopa nini kwa watu wa sala na vitabu? Alijua kwamba taifa halijashindwa maadamu lina mahali ambapo watu wake humwabudu Mungu bila kumwomba mgeni ruhusa. Ndiyo sababu Askofu Abuna Petros naye aliuawa kwa risasi mwezi Julai 1936, alipokataa kuwalaani wazalendo.

Sisi Wakatoliki hatuna ruhusa ya kuisoma habari hii kama ya jirani. Mwezi Oktoba 1935, katika kanisa kuu la Milano, Kardinali Ildefonso Schuster aliisifu vita ile kana kwamba majeshi yalikuwa yakiupeleka msalaba wa Kristo Ethiopia. Ethiopia ilikuwa na msalaba huo tangu karne ya 4! Anayebariki bunduki asidhani kwamba hahusiki na mahali risasi zinapoangukia.

Na haki imetendeka wapi? Mwaka 1948 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uhalifu wa Vita ilikubali kwamba Graziani alikuwa na mashtaka ya kujibu. Mwaka 1950 mahakama ya Italia ilimhukumu miaka 19 kwa kuwatumikia Wajerumani, si kwa damu ya Waethiopia, naye akaachiliwa baada ya miezi michache. Mwaka 2012 mji wa Affile ukamjengea mnara wa heshima kwa fedha za umma. Mwuaji akapewa mnara, nao waliouawa hata majina yao hayafundishwi!

Tunaambiwa tusifukue ya kale kwa ajili ya amani. Amani ya namna hiyo ni ya makaburi. Kaini alipoulizwa alipo ndugu yake, hakuruhusiwa kujibu kwamba mambo hayo yamekwisha kupita.

Kwa hiyo twadai mambo matatu: wafia dini wa Debre Libanos watajwe katika sala zetu pia, ingawa hawakuwa wa Kanisa letu, habari yao ifundishwe katika shule na seminari zetu, na kila mchungaji atakayeombwa kubariki vita aulize kwanza ni nani watakaozikwa.